Nani Alibofya "Nimeelewa" kwa Niaba Yetu?

Naomba nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Anayewaonya wenzake huku akificha lake ni kama mganga anayeuza dawa asiyothubutu kuinywa.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, katika wiki ya kuingiza alama za mitihani ya mwisho wa muhula. Nilifika ofisini mapema ili niuwahi mtandao kabla haujaelemewa. Nilipowasha kompyuta mpakato yangu, kivinjari kilinipokea kwa sura nisiyoizoea. Kilikuwa kimejisasisha usiku. Vitufe vilikuwa vimehamishwa, ukurasa wangu wa mwanzo ulikuwa umebadilishwa, na juu ya kila kitu kulikuwa na kidirisha kilichonitangazia kwamba sasa mambo yangu yatakuwa bora zaidi. Chini yake palikuwa na kitufe kimoja kikubwa cha buluu: "Nimeelewa". Nikakibofya. Sikuwa nimeelewa chochote.

Sekunde chache baadaye kikatokea kidirisha cha pili. Kiendelezi kimoja nilichokuwa nacho kwa miaka mingi, cha kuhifadhi kurasa ili nizisome bila kutumia bando, kilikuwa kimezimwa. Ili kirudi kazini kilihitaji ruhusa mpya: "Kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote." Nikaisoma sentensi hiyo kama tunavyosoma maandishi madogo nyuma ya tiketi ya basi. Nikakubali, nikaendelea na alama zangu.

Siku ya tatu niligundua kwamba kila nilipotafuta jambo mtandaoni, nilipitishwa kwanza kwenye ukurasa nisioujua, wenye matangazo ya kubeti. Nikamwita kijana wa kitengo chetu cha TEHAMA. Alinisalimia, akaketi, akafungua orodha ya viendelezi vyangu.

"Mwalimu, una viendelezi kumi na vinne. Hiki kimoja ulikiweka lini?"

"Zamani sana. Sikumbuki."

"Aliyekitengeneza unamjua?"

"Simjui."

"Basi hata aliyekuwa nacho zamani huenda si yeye aliye nacho leo. Hivi vitu vinauzwa, Mwalimu."

Akakiondoa. Ilimchukua chini ya dakika moja. Mimi nilibaki nimekaa pale kwa muda mrefu nikihesabu nilichokuwa nimekifungua kwa siku tatu zile: alama za wanafunzi zaidi ya mia mbili, barua pepe za idara, rasimu ya ripoti ya kamati. Na barua moja ya kurasa nne kutoka kwa mwanafunzi wa kike, aliyenieleza kwa majina, tarehe na mahali namna alivyokuwa akidaiwa rushwa ya ngono ili afaulu somo. Alikuwa ameniandikia mimi peke yangu. Alikuwa ameniomba nisimwonyeshe mtu hadi atakapokuwa tayari.

Ndugu msomaji, kwa sababu ya barua ile naandika makala hii. Kama ingekuwa ni habari ya vitufe vilivyohamishwa tu, ningewaachia wataalamu.

Kwanza tuelewane kuhusu jambo la msingi. Sisemi tuache kusasisha vivinjari. Ushauri huo utakuwa wa hatari kuliko ugonjwa wenyewe. Masasisho mengi huziba nyufa ambazo wahalifu wamekwisha kuziona, na wahenga walikwisha kutuambia gharama ya kutoziba ufa. Mwezi Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa sasisho la kuziba udhaifu katika mfumo wake wa Windows. Miezi miwili baadaye, Mei 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika udhaifu huo huo, kikafunga kompyuta katika nchi nyingi duniani, zikiwamo za hospitali za umma nchini Uingereza. Dawa ilikuwapo, walioumia wengi ni wale ambao hawakuwa wameinywa. Kwa hiyo mtumishi wa umma anayebofya "nikumbushe baadaye" kwa miezi sita anaacha wazi mlango wa ofisi ya wananchi.

Hoja yangu ni nyingine. Sasisho huja na mambo mawili ndani ya bahasha moja. La kwanza ni matengenezo ya usalama, ambayo kila mwenye akili atayataka. La pili ni maamuzi: nini kiwashwe, nini kizimwe, nani aone nini, utafutaji wako upite kwa nani. Matengenezo hayahitaji mjadala mrefu. Maamuzi yanahitaji ridhaa. Na ustadi wa kampuni hizi umekuwa ni kuyafunga yote mawili pamoja, ili anayelitaka la kwanza alimeze na la pili.

Wanafunzi wangu wa sheria na siasa watautambua mtindo huu mara moja, kwa sababu tunao Dodoma. Kila mara hupelekwa bungeni Muswada wa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali. Ndani yake mna vifungu vingi vya kusahihisha tarakimu, majina ya ofisi na makosa ya uchapaji, na katikati ya vifungu hivyo huweza kukaa kifungu kimoja kinachogusa haki ya raia. Mwaka 2020 ilikuwa ni kwa njia hiyo hiyo, kupitia Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 3, kwamba Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi ilibadilishwa, ikamtaka anayefungua shauri la haki za kikatiba aeleze kwa kiapo jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Mlango wa mahakama uliokuwa wazi kwa wanaharakati waliowasemea wengine ukawa mwembamba. Waliozoea kusoma jedwali la marekebisho waliliona mapema. Wengine tulilisikia redioni.

Sasisho la kivinjari ni muswada wa namna hiyo. Kwa vivinjari vikubwa kama Chrome na Firefox, toleo jipya hutolewa kila baada ya wiki chache. Tofauti ni kwamba bungeni angalau kuna kusomwa mara ya kwanza na ya pili.

Wapo watakaosema nazidisha chumvi. Kwamba mipangilio ya awali, ile inayoitwa chaguo-msingi, si lolote kwa sababu kila mtu yuko huru kuibadilisha. Kwa watu hao nina takwimu moja tu. Katika kesi iliyofunguliwa na serikali ya Marekani dhidi ya Google, ilifichuliwa mahakamani kwamba mwaka 2021 kampuni hiyo ililipa dola bilioni 26.3 ili injini yake ya utafutaji iwe chaguo-msingi katika simu na vivinjari vya kampuni nyingine. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google ilikuwa imelinda ukiritimba wake kinyume cha sheria. Jiulize: mfanyabiashara gani mwenye akili timamu hulipa dola bilioni 26 kununua kitu kisicho na maana? Wanalipa kwa sababu wanajua kwamba walio wengi kati yetu hawatafungua ukurasa wa mipangilio hata mara moja. Uzembe wetu una bei sokoni, na bei hiyo imetajwa mahakamani.

Ushahidi wa upande wa pili upo pia. Mwaka 2021 Apple ilibadilisha mfumo wa simu zake ili kila programu inayotaka kumfuatilia mtumiaji katika programu na tovuti za kampuni nyingine imwombe kwanza. Watu ni wale wale, simu ni zile zile. Lakini walipoulizwa waziwazi, wengi walikataa, na kampuni zilizoishi kwa matangazo ya ufuatiliaji zikalalamika hadharani kwamba mapato yao yameumia. Kumbe ile "ridhaa" ya miaka yote haikuwa ridhaa. Ilikuwa ni kutoulizwa.

Hapa ndipo suala linapotuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Mwaka 2023 Chrome ilianza kuwaonyesha watumiaji kidirisha kuhusu kile ilichokiita faragha ya matangazo. Kwa mpango huo, kivinjari chenyewe kingeangalia tovuti unazozitembelea, kikatunga orodha ya mada zinazokuvutia, na kuzitoa kwa wenye matangazo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, ambako sheria ya kulinda data ina meno, mtumiaji aliulizwa kuhusu jambo hilo: washa, au hapana asante. Kwingineko duniani, sisi tukiwamo, lililotolewa lilikuwa ni tangazo, pamoja na kitufe cha kusema umeelewa na njia ya pembeni ya kwenda kwenye mipangilio kwa mwenye muda wa kwenda huko. Kivinjari ni kile kile na kampuni ni ile ile. Mwanafunzi wa Berlin aliulizwa kama anakubali. Mwanafunzi wa Dar es Salaam aliarifiwa kwamba amekubaliwa.

Isieleweke kwamba tabia hii ni ya kampuni moja. Firefox, kivinjari ambacho wengi wetu tunaopenda programu za chanzo huria tumekiheshimu tangu toleo lake la kwanza la mwaka 2004, nacho kiliteleza. Katika toleo la 128, Julai 2024, kiliongeza mpangilio wa kupima mafanikio ya matangazo, na mpangilio huo ukaja ukiwa umewashwa tayari. Septemba mwaka huo shirika la kutetea faragha la noyb liliwasilisha malalamiko kwa mamlaka ya ulinzi wa data ya Austria. Wahandisi waliotetea mpangilio ule walisema unalinda faragha kuliko mbinu za zamani, na huenda kitaalamu walikuwa na hoja. Lakini hoja nzuri haiondoi wajibu wa kuuliza. Baba anayemchagulia binti yake mume mwema bado hajamuuliza binti.

Sasa tugeukie viendelezi, kwa sababu humo ndimo mimi nilimoumizwa. Kiendelezi ni mgeni unayemkaribisha ndani ya kivinjari. Kikipewa ruhusa ya kusoma tovuti zote, kinaweza kuona unachokiona wewe: barua pepe baada ya kuifungua, fomu unapoijaza, jina la mgonjwa katika mfumo wa hospitali, jina la mtoa taarifa katika faili la mwanaharakati. Ile kufuli ndogo ambayo baadhi ya vivinjari huionyesha katika sehemu ya anwani, inayotuambia kwamba mawasiliano yamefungwa, inakulinda na mwizi aliye barabarani. Haikulindi na mgeni aliyekwisha kuketi sebuleni.

Na mgeni hubadilika. Kulikuwa na kiendelezi cha Chrome kilichoitwa The Great Suspender, kilichotumiwa na zaidi ya watu milioni 2 kupunguza mzigo wa vichupo vingi vilivyo wazi. Kilikuwa kizuri na cha kuaminika. Mwaka 2020 mwenye nacho alikiuza kwa mnunuzi asiyejulikana. Februari 2021 Google ilikiondoa na kukizima kwa sababu kilikuwa na msimbo hasidi. Watumiaji wake hawakuwa wamefanya kosa lolote siku walipokiweka. Kosa, kama ni kosa, lilikuwa ni kutokirudia kukiangalia. Wakati mwingine hata mauzo hayahitajiki. Desemba 2024, wakati wa Krismasi, wahalifu walimlaghai kwa barua pepe mfanyakazi wa kampuni ya usalama ya Cyberhaven, wakapata uwezo wa kuchapisha toleo bovu la kiendelezi cha kampuni hiyo, na vivinjari vya watu vikalipokea vyenyewe kama vinavyopokea sasisho lolote. Uchunguzi ulionyesha viendelezi vingine zaidi ya 30 vilikuwa vimeguswa na mashambulizi ya aina hiyo. Kampuni ya usalama! Basi sisi wenye viendelezi kumi na vinne tusivyokumbuka tuliviweka lini tujiangalie.

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kiendelezi kisichoshika jembe, yaani kisicho na kazi unayoweza kuitaja kwa sentensi moja, kiage kirudi kwao.

Nitakuwa sikuwatendea haki wasomaji nisipotaja ubishi mkubwa wa miaka ya karibuni. Google imebadilisha kanuni zinazoongoza viendelezi vya Chrome, katika mfumo unaoitwa Manifest V3. Inasema kanuni za zamani ziliwapa viendelezi nguvu nyingi mno, na mimi niliyeumia siwezi kuibeza hoja hiyo. Lakini mabadiliko hayo hayo yaliondoa nguvu ambayo vizuia matangazo vilikuwa vikiitumia, na kati ya 2024 na 2025 kiendelezi mashuhuri cha uBlock Origin, kazi ya Raymond Hill, kikazimwa katika Chrome, kikabaki na ndugu yake mwenye nguvu pungufu. Firefox imeendelea kukikubali. Anayepunguza nguvu za vizuia matangazo ni kampuni ambayo sehemu kubwa ya mapato yake ni matangazo. Na kwa mwanafunzi wa Tanzania suala hili linagusa mfuko: kila tangazo la video linalojicheza lenyewe linakula bando lililonunuliwa kwa fedha ya chakula cha mchana.

Wanaharakati nao nina neno nao. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN wasajili matumizi yao kufikia tarehe 30 ya mwezi huo. Naufahamu mjadala wa haki uliofuata na msimamo wangu kuhusu usiri wa mawasiliano haujabadilika. Lakini niliona vijana wengi wakikimbilia viendelezi vya VPN vya bure vya kampuni wasizozijua, kisha wakalala usingizi wakidhani wamefichika. Mwenye kiendelezi cha namna hiyo anaweza kuona tovuti zote unazopitia kwake. Mtu akikuuzia mwavuli bure siku ya mvua, muulize anaishije. Umemkwepa mlinzi unayemjua ofisi yake na unayeweza kumshitaki; umejikabidhi kwa mlinzi usiyejua hata yuko nchi gani.

Nafahamu majibu mawili yatakayotolewa dhidi yangu. La kwanza: "Mimi sina cha kuficha." Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo. Lakini barua ya kurasa nne haikuwa siri yangu. Mwalimu, nesi, karani wa mahakama, ofisa utumishi, mwandishi wa habari, wakili, mhasibu wa asasi: sote tumebeba siri za watu ambao hawakuwahi kuchagua kivinjari chetu wala kuona vidirisha tulivyovibofya. Unapobofya "Nimeelewa" kwa haraka, unaweka sahihi kwa niaba yao.

La pili: "Hayo ni mambo ya Ulaya, sisi bado tunahangaika na madawati na maji." Ni jibu la uchungu na sitalidharau. Hata hivyo, Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake binafsi, na haikungoja madawati yatoshe. Wakenya wanayo Ibara ya 31 ya Katiba yao na sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume iliyozinduliwa rasmi Aprili 2024. Sheria hiyo inataka taarifa za mtu zichakatwe kwa uhalali, kwa haki na kwa uwazi, kwa lengo linaloeleweka. Na tukumbuke kwamba maskini ndiye anayetumia kompyuta isiyo yake. Kijana anayejaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu au ya ajira kwenye kompyuta ya steshenari hajui kivinjari kile kina viendelezi gani, na mara nyingi huondoka huku nenosiri lake limehifadhiwa humo. Faragha ikiachwa iwe anasa, watakaoikosa kwanza ni hao hao tunaodai kuwatetea kwa madawati.

Tufanye nini, basi? Nitasema ninachofanya mimi sasa, kila kivinjari changu kinapojisasisha. Nimekipangia robo saa.

Kwanza, siufungi ukurasa wa "mambo mapya" kabla ya kuusoma. Neno ninalolitafuta humo ni "kimewashwa". Pili, nafungua orodha ya viendelezi. Katika Chrome naandika chrome://extensions kwenye sehemu ya anwani, na katika Firefox naandika about:addons. Kwa kila kimoja najiuliza: nilikitumia mwezi uliopita? Namjua mwenye nacho? Kinaomba ruhusa gani? Kikishindwa swali lolote kati ya hayo, nakiondoa kabisa. Kukizima tu hakunitoshi. Chrome inaruhusu kukiwekea kiendelezi mpaka, kifanye kazi pale tu unapokibofya au kwenye tovuti ulizozitaja, nami nimeweka mipaka hiyo kwa vyote vilivyobaki. Vilivyobaki ni vitatu. Tatu, napitia ukurasa wa faragha: vidakuzi, matangazo, taarifa za matumizi zinazotumwa kwa kampuni, na tovuti zilizopewa ruhusa ya kamera, kipaza sauti na mahali nilipo. Nne, nahakikisha injini ya utafutaji na ukurasa wa mwanzo ni vile nilivyovichagua. Mwisho, nimetenganisha kazi na maisha: kivinjari ninachofungulia mifumo ya chuo hakina kiendelezi hata kimoja. Na kidirisha kikiomba ruhusa mpya wakati nina haraka, jibu ni hapana hadi jioni.

Lakini nidhamu ya mtu mmoja haitoshi, kama vile kunawa mikono kwa mtu mmoja hakuzuii kipindupindu. Taasisi zina wajibu. Vivinjari vikubwa vinampa msimamizi wa mfumo uwezo wa kuweka orodha ya viendelezi vinavyoruhusiwa katika kompyuta zote za ofisi. Wizara, halmashauri, vyuo na asasi zetu zina vitengo vya TEHAMA. Viulizwe orodha hiyo iko wapi. Kama haipo, iandikwe, na iandikwe kwa Kiswahili ambacho karani wa masijala ataelewa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki miaka ya 2000 kutafsiri programu za ofisi, ikatoka Jambo OpenOffice. Uwezo wa kueleza mambo haya kwa lugha yetu tulikwisha kuuonyesha.

Na Tume yetu ina swali moja la kuziuliza kampuni hizi, swali fupi lisilohitaji bajeti: kwa nini mnapomuuliza Mjerumani, sisi mnatuarifu? Kampuni zisiseme kitaalamu haiwezekani, kwa sababu zimekwisha kufanya. Kitufe cha "hapana" kimekwisha kutengenezwa. Kilichokosekana ni sheria iliyosimamiwa kiasi cha kukifikisha hapa, na sheria husimamiwa pale wananchi wanapodai. Wanafunzi wa sheria wanaosoma hapa, mnayo mada ya tasnifu.

Nimalizie nilipoanzia. Baada ya kijana wa TEHAMA kuondoka, nilibadilisha maneno yangu yote ya siri na kuitaarifu idara. Kisha likabaki jambo gumu zaidi. Ningeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua. Nikamwita yule mwanafunzi, nikamweleza kila kitu kama nilivyowaeleza ninyi.

Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akauliza, "Kwa hiyo Mwalimu, wameisoma?"

Nikamjibu kweli: "Sijui, binti yangu. Na sina namna ya kujua."

Akanyamaza muda. Halafu akasema kwamba ilikuwa ikimwia vigumu kuamua lini aipeleke kwenye kamati ya maadili, na kwamba sasa hataki tena kungoja, kwani kama itasikika ni bora isikike kutoka kwake. Tuliipeleka pamoja wiki ile ile. Shauri linaendelea na sitalizungumzia zaidi.

Watu wawili watatu walioisikia habari hii wameniambia kwamba basi mwisho wake ulikuwa mwema. Siafiki. Yeye alipaswa kuchagua siku yake mwenyewe. Siku hiyo aliipoteza kwa sababu mimi, msomi mwenye shahada tatu, nilibofya kitufe bila kukisoma.